Mtoto wa safari anywe maji

Vakansi kubwa inakaribia. Wengi wetu tutapanda kamyo, wengine masuwa ya Ziwa Kivu ao ya Tanganyika, na kama kawaida tutapewa wadogo wetu wa kuchunga njiani, maana mama ana mtoto mgongoni na baba anaangalia mizigo. Basi somo hili ni letu, si la wazazi tu.

Kuko neno moja lenye kusikika juu ya kila kamyo: «Usimpe maji, atakojolea vitu vya watu.» Shofere hapendi kusimama, basi mtoto anashinda juani na vumbini tangu asubuhi mpaka magaribi na kikombe kimoja tu. Tunasema wazi kwamba desturi hii ni mbaya. Mwili wa mtoto ni mdogo, akiba yake ya maji ni ndogo, anakauka upesi kuliko mtu mzima. Gunia lenye kukojolewa litafuliwa na kuanikwa. Tubebe bidoni yetu ya maji yenye kuchemshwa, yenye kifuniko, na tumpe kidogo kidogo kila mara, hata kama hajaomba. Maji ya ziwa tusiyanywe mabichi: kandokando ya maziwa yetu kipindupindu kinarudi kila mara.

Hatari inazidi mtoto akianza kuharisha. Pale tena watu wanamnyima maji, eti tumbo ifunge. Tumbo haifungi kwa kiu. Maji yanaendelea kutoka, na chumvi ya mwili inatoka pamoja nayo, na njo vile mtoto anakufa. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bongaon kule India, kipindupindu kiliwashika watu wengi mno na dawa ya kutia katika mishipa ilikuwa haitoshi. Daktari Dilip Mahalanabis akawapa wagonjwa maji yenye chumvi na sukari wanywe tu. Pale watu 30 hivi kwa 100 walikuwa wakifa, wakabaki chini ya 4. Kazi ya sukari si utamu: katika matumbo sukari inasaidia chumvi kuingia mwilini, na chumvi inavuta maji.

Mbele ya kuondoka, tuombe pakiti za SRO kwenye kituo cha afya. Kama hakuna, tutengeneze wenyewe: maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo 6, chumvi nusu ya kijiko kidogo. Vijiko visijae mlima, tuvisawazishe kwa kisu. Chumvi ikizidi inadhuru, kwa hiyo tuonje: isipite chumvi ya machozi. (Chupa kubwa ya bia, yenye watu wengi kupimia, haifiki lita.) Kila mara akiharisha, mtoto chini ya miaka 2 anywe robo ao nusu ya kikombe, mwenye kupita hapo, nusu ao kikombe kizima. Akitapika, tungoje dakika 10, tuanze tena kijiko kwa kijiko. Yenye kubaki kesho yake imwagwe. Mwenye kunyonya aendelee kunyonya, mwenye kula aendelee kula. Muganga atamupa zinki vilevile, na anapashwa kuimeza siku 10 mpaka 14 hata kama kuharisha kumekwisha.

Macho yakidumbukia, akilia bila machozi, ngozi ya tumbo ukiifinya isirudi upesi, akilegea ao kushindwa kunywa, ao kuharisha maji meupe kama ya kuosha muchele, hapana kungoja mwisho wa safari. Tushuke kwenye kituo cha afya cha karibu, tukimnywesha njiani kama anaweza kumeza. Nauli itatafutwa nyuma.

Kichefuchefu cha kamyo ni kitu kidogo: mtoto akae mbele, aangalie mbali, asishibe sana. Kwenye masuwa, usiku, tumfunike, upepo wa ziwa ni baridi.

Kuhusu mbu, tubebe chandarua, zaidi sana wenye kutoka milimani penye mbu wachache, kama Lubero, na kushuka Beni ao Kisangani. Homa ya malaria haitoki usiku uleule wa kuumwa. Kwa kawaida inangoja siku 7 ao zaidi, pengine tumekwisha kurudi nyumbani. Mtoto akipata homa katika majuma yenye kufuata safari, apelekwe apimwe damu siku ileile, na tumwambie muganga majina ya pahali pote alipolala.