Riwaya kwa Siku Thelathini: Mwongozo kwa Waandishi wa Jinja na Mbale

Akija mtu kukutoza ada ya kukusajili NaNoWriMo, usimpe hata shilingi. Shirika la Marekani lililoendesha changamoto hiyo ya kuandika riwaya nzima ndani ya mwezi mmoja lilitangaza kufungwa Machi 2025. Lilitokana na mchezo ulioanzishwa na Chris Baty na wenzake ishirini huko California, Julai 1999. Mwaka uliofuata wakahamia Novemba, kwa hoja kwamba hali mbaya ya hewa itawafungia watu ndani. Kanuni yenyewe ni fupi: maneno 50,000, siku 30, hakuna majaji. Kanuni hiyo haihitaji shirika, na inafanya kazi vilevile Walukuba, Jinja, au Namakwekwe, Mbale.

Swali la kwanza ni mwezi gani, na hapa ndipo wengi wanapojiangusha kabla hawajaanza. Novemba ya California si Novemba ya Elgon. Huku Bugisu huo ni msimu wa kuchuma kahawa. Mwalimu wa Mbale au Jinja naye yuko katikati ya mitihani ya UNEB, kuanzia darasa la saba hadi S6. Agosti ya mwaka wa imbalu (jando la Wagisu), yaani mwaka unaogawanyika kwa mbili, nayo haifai: ngoma zikishalia Mutoto, hakuna Mgisu atakayekaa mezani. Kwa walimu na wanafunzi ningependekeza Januari, kwa kuwa wageni wa Krismasi wameshaondoka na shule hazijafunguliwa. Mfanyabiashara achague mwezi ambao soko hulala, na mkulima aangalie mvua.

Kisha hesabu. Maneno 50,000 kwa siku 30 ni 1,667 kila siku. Lakini idadi hiyo ilipangwa na watu wanaoandika Kiingereza. Kitenzi kimoja cha Kiswahili hubeba mtenda, wakati na mtendwa kwa pamoja, kwa hiyo kwa makadirio yangu maneno 40,000 ya Kiswahili yanatosha kusimulia kile ambacho Kiingereza kingekisimulia kwa 50,000. Hiyo ni 1,333 kwa siku. Ukipumzika Jumapili, unabaki na siku 26 hivi, na kiwango kinapanda hadi takriban 1,540.

Anayeandika kwa mkono hahitaji kompyuta ili kujua amefika wapi. Chukua ukurasa wa kaunta buku ulioujaza, hesabu maneno ya mistari kumi, gawa kwa kumi, kisha zidisha kwa idadi ya mistari ya ukurasa. Ukipata kama 200, na unaandika kila siku, kazi yako ya siku ni kurasa saba. Andika jumla kwenye pembe ya ukurasa wa mwisho kila jioni. Kalamu nunua za kutosha mapema. Safari ya kwenda dukani saa mbili usiku haikosi kugeuka maongezi.

Wiki mbili kabla ya mwezi wenyewe, jenga mifupa ya hadithi. Kisa chako kipo karibu kuliko unavyodhani. Timothy Wangusa, mzaliwa wa Bugisu, alichapisha *Upon This Mountain* mwaka 1989 na malighafi yake ilikuwa mlima wa kwao na jando la kwao. Tuseme wewe unataka kumwandika kijana aliyetoroka kisu Mbale akajificha Jinja, na dada yake anayemtafuta. Gawa kisa katika matukio 26, kila tukio mstari mmoja tu: siku ya kwanza dada anakuta kitanda kitupu; siku ya tisa kijana anapata kibarua cha kubeba magunia Soko Kuu la Jinja; siku ya kumi na mbili mama muuza matoke kutoka Mbale anamtambua na kumwita kwa jina la baba yake. Ukiketi jioni, unajua usiku huo unaandika nini. Tukio likikataa, ruka uandike la mbele yake.

Saa ya kuandika ipangwe na watu wa nyumbani wakijua. Kazuo Ishiguro aliandika sehemu kubwa ya riwaya yake *The Remains of the Day* kwa wiki nne, lakini mwenyewe ameeleza kwamba mkewe, Lorna, alichukua zamu zake za kupika na kazi za nyumbani kwa muda wote huo. Mama wa Walukuba mwenye watoto wanne, Lorna wako ni nani? Zungumza na mumeo, dada yako au shemeji kabla ya siku ya kwanza, na mpatane nani atachota maji na nani atalaza watoto. Saa kumi na moja alfajiri huwafaa wengi kuliko usiku. Umeme usiutegemee: Jinja ina bwawa la umeme la Nalubaale lililofunguliwa mwaka 1954, na bado taa huzimika Jinja kama kwingineko. Chaji simu mchana. Unayeandika kwenye simu, jitumie kazi ya siku kwa barua pepe au WhatsApp kabla ya kulala. Wa kaunta buku apige picha kurasa zake. Simu huibwa, na daftari hulowa mvua.

Wiki ya pili ndiyo inayowaangusha wengi. Mwanzo umeisha utamu, mwisho hauonekani, na kila ukisoma ulichoandika unaona aibu. Basi usisome. Neno likikukwepa kwa Kiswahili, liandike kwa Kigisu, Kisoga au Kiingereza, lizungushie duara, endelea. Mhusika wa sokoni Jinja hasemi kama mtu wa Unguja. Mwache aseme anavyosema. Ukibadilisha jina la mtu katikati, liandike nyuma ya daftari na usirudi kurekebisha. Na ukichelewa, usijaribu kulipa deni kwa usiku mmoja. Aliyefikisha maneno 22,000 zikiwa zimebaki siku kumi za kuandika amebakiza 18,000, yaani 1,800 kwa siku. Hiyo bado inawezekana.

Tafuta mwenzako. Mmoja akiwa Jinja na mwingine Mbale, hakuna haja ya kupanda teksi ya barabara ya Tirinyi: kila saa tatu usiku mtumiane namba moja tu, idadi ya maneno ya siku. Msitumiane sura. Ukimpa mtu asome sura ya kwanza mapema, ama atakusifu ulegee, ama atakukosoa uache.

Mwezi ukiisha, ulicho nacho ni rasimu, na rasimu haipelekwi kwa mchapishaji ikiwa bado ya moto. Ifungie mwezi mzima, kisha isome kalamu mkononi. *Water for Elephants* ya Sara Gruen ilianzia katika changamoto hii na kutoka kama kitabu mwaka 2006, baada ya kufanyiwa kazi zaidi. Mswada uliokomaa una pa kwenda. *Kintu* ya Jennifer Nansubuga Makumbi ilishinda tuzo ya miswada ya wachapishaji Kwani? mwaka 2013 kabla haijawa kitabu. Kwa Kiswahili ipo Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo hupokea pia miswada isiyochapishwa. Soma masharti ya mwaka husika kabla ya kutuma. Wanawake waulizie FEMRITE, Kampala, ambayo imekuwa ikiwakuza waandishi wa kike tangu 1996. Mchapishaji anayeanza kwa kukudai pesa, mkimbie. Na popote utakapoupeleka mswada wako, nakala moja ibaki nyumbani.