Droni ya Kupima Viwanja Makole

Swali: Ni droni ipi inayofaa kupima viwanja Makole, Dodoma?

Jibu: Katika kata ya mjini kama Makole, droni ya panga nne, ambayo hupaa na kutua wima, hufaa kuliko ya mabawa, iliyotumika kuchora ramani ya Zanzibar kuanzia 2016 lakini ikahitaji nafasi pana ya kutua. Muhimu kuliko ubora wa kamera, ambao wauzaji huusifu mno, ni kipokezi cha RTK, yaani kifaa kinachosahihisha mahali pa kila picha hadi sentimita chache kwa msaada wa kituo cha ardhini. Kwa kuwa uwanja wa ndege wa Dodoma uko karibu na katikati ya jiji, kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kitafutwe kabla ya kununua.