Mbung'o akikuuma malishoni, hesabu siku

Anayechunga mbuzi juu ya Mwamgongo, upande wa vichaka vya mpaka wa Gombe, huumwa na wadudu wengi. Siafu na nyigu huuma, panawasha, panapoa. Mbung'o ni habari nyingine.

Ni mkubwa kidogo kuliko nzi wa nyumbani, rangi ya kahawia, na akitua hulaza bawa moja juu ya jingine kama mkasi uliofungwa. Huuma mchana, hata kupitia shati jepesi. Huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa hivyo. Mtoto anayechunga avae nguo ndefu, nzito, za kaki, wala asipumzike vichakani wakati wa jua kali; mbung'o naye hupumzika humo.

Akishauma, osha kwa sabuni, weka kitambaa chenye maji baridi, usikune. Usichanje kwa wembe wala kupaka mafuta ya taa: utaongeza kidonda tu. Si kila mbung'o ana vimelea vya malale, ila kwa macho hutamjua. Kwa hiyo kumbuka siku uliyoumwa. Ukiona uvimbe mwekundu wenye maumivu pale pale baada ya wiki moja au mbili, au homa, kichwa kuuma na tezi kuvimba baadaye, nenda zahanati na useme wazi: "Niliumwa na mbung'o." Usiposema, huenda ukapimwa malaria peke yake. Malale hutibika. Lakini aina ya huku kwetu huweza kuingia kwenye ubongo ndani ya wiki au miezi michache, na bila tiba huua. Ukiandikiwa kwenda Maweni, panda boti ya kwanza ya Kibirizi. Usingoje kuuza mbuzi mnadani.

Kwa nyuki, kimbia kwanza, maana harufu ya mwiba huita wenzake. Kisha kwangua mwiba upesi kwa ukucha, bado unasukuma sumu. Uso ukivimba au pumzi ikibana, zahanati saa hiyo hiyo.

Mifugo nayo hupata nagana, na chanjo hakuna. Mbuzi akikonda huku anakula, kope zikiwa nyeupe kwa ndani, au akitupa mimba, mwite afisa mifugo kabla ya kununua dawa. Unaponyunyizia dawa ya wadudu, usisahau miguu na tumbo. Mtazame pia mbwa anayefuatana na wachungaji: macho yake yakifanya ukungu mweupe na akadhoofika, mweleze afisa mifugo, kisha fikiria ni nani mwingine aliyepita njia hiyo.