Insha ya Hoja: Klabu ya Soka Inapoishiwa Fedha

Swali: Jadili athari za klabu ya soka kuishiwa fedha.

Mtahiniwa, anza na mfano. Oktoba 2021, Biashara United ya Musoma iliifunga Al Ahli Tripoli mabao 2-0 katika Kombe la Shirikisho Afrika, lakini ikashindwa kusafiri kwenda Libya kwa marudiano, ikaondolewa. Mwaka 2022 ikashuka daraja.

Kisha panga hoja:

(i) Mishahara ikichelewa, wachezaji huondoka.

(ii) Timu ikifungwa, viingilio hupungua, madeni huongezeka.

(iii) Mama lishe wa Uwanja wa Karume hukosa wateja. Kijana wa Bunda au Butiama hukosa timu ya nyumbani ya kuchezea.

Tahadhari: tukio likifuata jingine, si lazima liwe limesababishwa nalo. Usiandike kuwa safari ile ndiyo iliyoishusha timu. Onesha kiungo, ndipo upate alama.