Ubongo ni Nini, na Kwa Nini Mtu Huanguka Kifafa

Labda umeona jambo hili kwa macho yako. Ni jioni, mama amekaa jikoni na watoto wake, na chungu cha sombe kiko juu ya mafiga. Mara binti yake mkubwa analia sauti moja ya ajabu, macho yake yanageuka juu, naye anaanguka. Mkono wake unaingia motoni. Mwili wote unatikisika, na povu linatoka kinywani. Watu waliokaa karibu naye, badala ya kumvuta, wanakimbia.

Mbona wanakimbia? Si kwamba hawampendi. Tangu utoto wameambiwa kwamba mtu akiguswa na mate yale, au akisikia harufu ya ushuzi wa mgonjwa wakati ule, atashikwa naye na ugonjwa. Basi mkono unaungua mpaka mtikisiko unakoma. Sisi wauguzi tumefunga vidonda vya namna hii mara nyingi. Huchukua wiki nyingi kupona, na mara nyingine vidole havinyooki tena.

Hofu hii haiondoki kwa kukemewa. Huondoka mtu akielewa ugonjwa unatoka wapi. Kwa hiyo tutazame kwanza kitu kilicho ndani ya kichwa.

Ubongo na kazi yake

Ukichinja mbuzi na kupasua kichwa chake, utaona ubongo wake. Ubongo wa mtu hufanana na ule, lakini ni mkubwa zaidi. Wa mtu mzima una uzito wa kilo 1 na gramu 300 au 400 hivi. Ni laini kama avoka iliyoiva sana. Kwa sababu hiyo umewekwa ndani ya mfupa mgumu wa fuvu, tena maji kidogo yanauzunguka ili usigongegonge.

Ijapokuwa ni mdogo, unakula sana. Katika chakula na hewa vinavyotumiwa na mwili, ubongo peke yake huchukua sehemu moja katika kila tano. Haujui kungoja. Mtoto mchanga akichelewa kupumua dakika chache, ubongo wake huumia, na kuumia huko huweza kuonekana miaka mingi baadaye. Mama mjamzito, usizalie nyumbani ikiwa kituo cha afya kiko karibu.

Ubongo umejengwa kwa chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Ni karibu milioni elfu 86. Ukitaka kuzihesabu moja kila sekunde, bila kulala wala kula, kazi itachukua miaka zaidi ya 2,700. Kila chembe ina mkia kama uzi, na kwa uzi huo hupeleka habari kwa chembe nyingine. Nyuzi nyingi zikifungwa pamoja huwa mishipa ya fahamu, inayofika mpaka kwenye vidole vya miguu.

Habari hupelekwaje? Wazee wetu wanakumbuka tarishi wa zamani. Alikimbia na barua njiani mpaka mtoni. Pale hakuna daraja. Alimpa mwenye mtumbwi, yule akavuka, na ng'ambo tarishi mwingine akaipokea na kukimbia tena. Ndivyo ilivyo kichwani. Kukimbia ni umeme mdogo sana unaopita katika uzi wa chembe. Mtumbwi ni dawa kidogo ambayo chembe yenyewe hutengeneza na kuitoa mwisho wa uzi, nayo huvuka nafasi nyembamba mpaka chembe ya pili. Tarishi huyu ana mbio: katika njia nyingine hupita mita 100 kwa sekunde moja.

Ukumbuke vizuri kwamba barua za ubongo ni za namna mbili. Nyingine husema, "Fanya!" Nyingine husema, "Nyamaza!" Watu hufikiri amri ya kwanza ndiyo kubwa. Sivyo. Ukiinua kikombe cha chai, chembe nyingi huamriwa kunyamaza ili mkono usiruke ukamwaga chai yote. Kwaya pia huimba vizuri kwa sababu wengine wananyamaza wakati wengine wanaimba.

Tena kila sehemu ya ubongo ina kazi yake. Upande wa kushoto huongoza mkono na mguu wa kuume, na upande wa kuume huongoza wa kushoto. Habari za macho hupokewa nyuma, kwenye kisogo. Mwaka 1861, katika mji wa Paris, munganga Paul Broca alikuwa na mgonjwa aliyeelewa maneno ya watu lakini yeye mwenyewe aliweza kutamka neno moja tu, "tan". Alipokufa walitazama ubongo wake, wakakuta umeharibika mahali pamoja mbele, upande wa kushoto. Ndipo ikajulikana kwamba kusema kuna mahali pake.

Baadaye, katika mji wa Montreal nchini Kanada, munganga Wilder Penfield alipasua watu wengi wenye kifafa huku wako macho. Usishangae. Ngozi ya kichwa hutiwa dawa ya ganzi, na ubongo wenyewe hausikii maumivu hata ukiguswa. Alipougusa mahali pamoja kwa umeme kidogo, kidole cha mgonjwa kilitikisika, wala mgonjwa hakutaka kukitikisa. Alipogusa pengine, mgonjwa alisikia ganzi mdomoni. Hapo hakuna aliyemroga yule mtu. Munganga aliamsha chembe chache tu, na mwili ukatii.

Siku kwaya nzima inapopiga kelele

Sasa utaelewa kifafa. Chembe nyingi za ubongo zinapeleka umeme kwa wakati mmoja, na zile za kusema "Nyamaza!" zinashindwa. Ni kama kwaya ambayo waimbaji wote wanapiga kelele pamoja, bila wimbo. Mwili hupokea amri zote kwa mara moja, basi unakakamaa na kutikisika. Sauti ile ya kwanza si pepo anayelia. Ni hewa inayosukumwa kooni kifua kinapokaza. Povu ni mate tu ambayo mgonjwa hakuweza kuyameza, na damu ikionekana ni kwa sababu ameuma ulimi. Hakuna mdudu wala sumu katika mate hayo ya kuleta kifafa kwa mwingine. Hata katika ushuzi hakuna.

Siku hizi umeme huu unaweza kuandikwa. Mjerumani Hans Berger aliweka waya juu ya kichwa cha mtu na kuuandika kwa mara ya kwanza mwaka 1924, akatoa habari zake mwaka 1929. Katika hospitali zenye mashine hiyo, mistari ya umeme huchorwa, na munganga huitazama kama tunavyosoma barua.

Wala usifikiri hofu ya kifafa ni yetu Waafrika peke yetu. Wayunani wa zamani waliuita ugonjwa mtakatifu, wakisema miungu ndiyo inayouleta. Lakini zaidi ya miaka 2,300 iliyopita mmoja wao aliandika kwamba si mtakatifu kuliko magonjwa mengine, na kwamba asili yake ni ubongo. Wengi hawakumsikia.

Si kila kifafa kinaangusha. Kelele ikianza mahali padogo, huenda mkono mmoja tu ukatikisika. Mtoto mwingine hukodoa macho sekunde chache bila kusikia anachoambiwa, kisha huendelea kuandika kama hakuna kitu. Mwalimu humpiga kwa kuwa mvivu. Ninyi walimu, mkiona mtoto wa namna hii, mleteni kwetu kabla ya kuchukua fimbo.

Ubongo huumizwa na nini?

Mambo ni mengi: kuchelewa kupumua wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, ugonjwa wa utando wa ubongo, kuanguka kutoka pikipiki. Wengine huzaliwa na udhaifu huo katika jamaa yao. Mtoto mwenye homa kali anayetikisika si lazima awe na kifafa, lakini aletwe hospitali siku ile ile, maana malaria ya kichwani haingojei kesho.

Nitataja mambo mawili zaidi, kwa sababu yanaweza kuzuiwa. La kwanza ni mnyoo wa nguruwe. Mtu akila nyama ya nguruwe isiyoiva vizuri, mnyoo mrefu hukaa tumboni mwake. Mayai yake hutoka na choo. Mtu huyo asipotumia choo cha shimo na kunawa mikono, mayai huingia katika chakula au maji, na mtu mwingine, hata asiyekula nguruwe kabisa, huyameza. Ndani yake hutoka vijidudu vinavyokwenda mpaka ubongoni na kufanya vifuko. Basi choo chema, nguruwe waliofungiwa, na nyama iliyopikwa sana ni kinga ya kichwa.

La pili ni inzi wadogo weusi wa mito yenye maji ya kasi, wanaoleta upofu wa mto. Katika Ituri na Bas-Uele, na katika nchi nyingine za Afrika, imeonekana kwamba vijiji vilivyo karibu na maporomoko vyenye inzi hao na ugonjwa huo vina watu wengi wa kifafa, hasa vijana. Watoto wanaokula dawa ya ivermektini kila mwaka, ambayo wengi huiita Mectizan, hupungukiwa na hatari hiyo. Wagawaji wakipita kijijini, usijifiche kwa sababu dawa inawasha ngozi. Kujikuna siku mbili si kitu kikubwa. Walio chini ya miaka 5 na wenye mimba hawapewi.

Vidonge vya kila siku

Mwaka 1912 munganga kijana wa Ujerumani, Alfred Hauptmann, aliwapa wagonjwa wa kifafa dawa ya usingizi, akaona wanaanguka mara chache kuliko mwanzo. Dawa hiyo ni fenobarbitali. Wengine huiita Gardénal. Bei yake ni ndogo, na mpaka leo inatumika. Inasaidia zile chembe zinazosema "Nyamaza!" Dawa nyingine ziko pia, na munganga atachagua. Kati ya wagonjwa 10 wanaotibiwa vizuri, 7 hivi wanaweza kuishi bila kuanguka.

Lakini shida yetu kubwa iko hapa. Mgonjwa anakula vidonge miezi mitatu, haanguki, anasema, "Nimepona," anaviacha. Au anaombewa siku ya Jumapili, na Jumatatu anavitupa ili kuonyesha imani. Ubongo uliozoea kutulizwa, ukinyimwa dawa ghafula, hupiga kelele kuliko mwanzo. Huanguka, na kabla hajaamka huanguka tena, na wengine hufa hivyo. Tunaomba pamoja na wagonjwa kila asubuhi hapa hospitali, kisha tunagawa vidonge. Mtu aombewe, ale na dawa yake jioni. Miaka miwili ikipita bila kuanguka, munganga ataangalia kama inafaa kupunguza, tena polepole. Mwanamke akipata mimba asiache mwenyewe, aje tuzungumze.

Mwenye kifafa aache lotoko. Alale usiku wa kutosha pia, maana kukosa usingizi huamsha kelele ile. Kanisa likiwa na mkesha wa usiku kucha, aruhusiwe kwenda kulala. Asipande mchikichi, wala asivue samaki peke yake mtumbwini. Shule aende. Kuoa na kuolewa aruhusiwe. Na neno kwa mashemasi: mahali pengine mwenye kifafa hunyimwa kikombe cha Bwana, au hupewa cha mwisho, kwa kuogopa mate. Mmekwisha kusoma habari za mate hapo juu.

Akianguka mbele yako

Mvute kutoka motoni, majini au barabarani. Weka nguo iliyokunjwa chini ya kichwa chake, na legeza ukosi wa shingo. Usimshike kwa nguvu ili asitikisike. Usitie kijiko wala kijiti kati ya meno. Mtu hawezi kumeza ulimi wake, lakini meno huvunjika. Usimnyweshe kitu chochote, wala maji, wala mafuta ya mawese, wala dawa ya mfumu. Mtikisiko ukikoma, mgeuze alale kwa ubavu ili mate yatoke. Tazama saa. Zikipita dakika 5 bado anatikisika, au akianguka mara ya pili kabla hajaamka, mchukueni hospitali upesi. Akiamka atakuwa amechoka na kuchanganyikiwa, huenda na nguo zimelowa mkojo. Mfunike, kaa naye.

Kisha, siku mnapomleta kwetu, aje pamoja na yule aliyemwona akianguka. Katika Injili ya Marko sura ya 9, Yesu alimwuliza baba wa mtoto mambo haya yameanza tangu lini, na baba alijua: tangu utoto, na mara nyingi katika moto na maji. Nasi tutauliza vile vile. Ilianza mwaka gani? Mkono gani ulitikisika kwanza? Kichwa kiligeukia upande gani? Ilidumu kwa muda gani? Mgonjwa mwenyewe hawezi kujibu, maana hakuwa na fahamu, na munganga hakuwako. Mara nyingi mama huja peke yake na mtoto, tunamwuliza nani alibaki kutazama, naye anasema wote walikimbia, na yeye alikuwa shambani.