Kuchagua Vifaa Salama vya Kunasulia Pikapu Iliyokwama

Mvua za msimu zinapoanza kunyesha mkoani Shinyanga, kwa kawaida kuanzia Novemba hadi Aprili, udongo mweusi wa mfinyanzi uitwao mbuga hunyonya maji, huvimba na kuteleza. Barabara za vumbi zinazoelekea Kakola, Nyang'hwale, Nyarugusu na Rwamgasa hupitwa kila siku na pikapu zenye watu, dizeli, mipira ya maji na vipuri vya karasha. Gari likizama, dereva hutafuta kamba yoyote iliyo karibu, gari jingine hufungwa mbele, na watu hukusanyika kusukuma au kutazama.

Hatari kubwa huanzia hapo. Tope lenyewe huchelewesha safari tu, lakini kamba ikikatika au ndoano ikichomoka, chuma kinachoruka kinaweza kumuua dereva, msukumaji au mtoto aliyesimama kando ya barabara. Somo hili linakusudia kumwezesha mlaji kununua vifaa vya kunasulia gari kwa kutazama uwezo uliothibitishwa, badala ya kutazama unene, rangi au maneno ya muuzaji.

1. Kwa nini kamba inayokatika huua

Mkanda wa kunasulia ulioundwa kwa nailoni huvutika kama mpira, na mvutiko huo ndio unaolichomoa gari kwenye tope bila kulivunja. Lakini mkanda uliovutika hubeba nishati nyingi. Mkanda wa mita 9 unaorefuka kwa asilimia 20 huongezeka mita 1.8. Ukivutwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani 4, nishati iliyokusanyika ndani yake hukaribia ile ya mfuko wa saruji wa kilo 50 ulioanguka kutoka urefu wa mita 70. Kiungo kimoja kikiachia, nishati hiyo yote humalizikia kwenye kipande kilichochomoka.

Kwa hiyo vifaa vya kunasulia ni mfuatano mmoja: sehemu ya kufungia kwenye gari la kwanza, kiungo cha chuma, mkanda, kiungo cha pili, na sehemu ya kufungia kwenye gari la pili. Uimara wa mfuatano huo ni uimara wa sehemu yake iliyo dhaifu kuliko zote. Mkanda bora uliofungwa kwenye ndoano mbovu hausaidii kitu.

2. Kujua uzito wa gari kabla ya kwenda dukani

Tunamshauri mlaji asome kibao cha mtengenezaji, ambacho mara nyingi hubandikwa kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti, na kuandika uzito wa juu unaoruhusiwa, yaani gari pamoja na mzigo wake. Kwa pikapu nyingi za tani moja uzito huo ni takriban kilo 3,000. Uzito wa gari tupu hautoshi kuwa kipimo, kwa kuwa gari linalokwama kwenye njia ya machimbo aghalabu huwa limepakia.

3. Namba mbili ambazo hazipaswi kuchanganywa

Namba ya kwanza ni nguvu ya kukatikia, ambayo kwenye lebo huonyeshwa kwa herufi MBS. Huo ni mvuto ambao kifaa kipya kinatarajiwa kuuhimili kabla ya kukatika. Namba ya pili ni mzigo salama wa kazi, unaoonyeshwa kwa herufi WLL. Huo ni mzigo ambao kifaa kimekusudiwa kuubeba katika matumizi, nao ni mdogo sana kuliko nguvu ya kukatikia. Muuzaji anayetaja "tani" bila kueleza ni tani za namba ipi hajamweleza mnunuzi jambo la maana.

Kwa mkanda wa kunyumbuka, kanuni inayokubalika ni kwamba nguvu ya kukatikia iwe kati ya mara mbili na mara tatu ya uzito wa juu wa gari lililo jepesi kati ya yale mawili. Kwa gari la kilo 3,000, mkanda ufaao ni wa kati ya kilo 6,000 na kilo 9,000. Ulio dhaifu zaidi utakatika. Ulio imara kupita kiasi hautavutika vya kutosha, na mshtuko wote utahamia kwenye chasisi na ndoano.

Viungo vya chuma vyenye umbo la U na pini ya kukaza huchaguliwa kwa mzigo salama wa kazi. Kwa pikapu ya kawaida, kiungo chenye chuma cha unene wa milimita 19 na chapa ya tani 4.75 hutumika sana. Chapa hiyo iwe imechongwa au kufinyangwa kwenye chuma chenyewe, pamoja na jina au alama ya mtengenezaji. Kiungo kisicho na maandishi kinafaa kufungia lango la zizi, si kuvutia gari.

4. Vifaa visivyofaa, hata vikiwa vya bei nafuu

Kamba ya katani huoza ndani kabla ya kuonyesha dalili nje. Mnyororo na waya wa chuma havivutiki, hivyo havifai kwa kuvuta kwa kushtua; vinafaa tu kwa mvuto wa polepole, navyo viwe na uwezo unaojulikana. Waya uliokwisha kutumika kunyanyulia mawe kwenye duara la mgodi usinunuliwe kwa kazi hii, kwa sababu nyuzi zake za ndani huenda zimekwisha kukatika. Mkanda wa kufungia mizigo kwenye lori nao haukuundwa kwa mshtuko wa kunasua gari.

Tufe la kuvutia tela lisitumike kamwe kama sehemu ya kufungia mkanda. Limeundwa kubeba tela linalotembea, na likivunjika huruka kama risasi. Vilevile, magari mengi yaliyotumika huletwa nchini kwa meli yakiwa na vitanzi vyembamba vya kuyafungia melini. Vitanzi hivyo si ndoano za kunasulia. Ndoano halali hufungwa kwenye chasisi kwa boliti imara, na fundi anayeiweka aweze kueleza uwezo wake.

5. Ukaguzi mbele ya muuzaji

Mkanda ufunguliwe wote na kutandazwa. Lebo iwe imeshonewa kwenye mkanda, ikitaja mtengenezaji, aina ya uzi, urefu na nguvu ya kukatikia. Mishono ya vitanzi iwe sawa, bila nyuzi zilizolegea. Mkanda mwembamba unaodai tani nyingi kuliko mikanda minene iliyo kando yake utiliwe shaka. Mkanda uliotumika, wenye mikato, sehemu zilizoyeyuka au rangi iliyopauka kwa jua, usinunuliwe kwa bei yoyote.

Mnunuzi adai risiti ya mashine ya kielektroniki inayotaja bidhaa yenyewe, na ahifadhi kifungashio. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora na sifa za bidhaa. Bidhaa isiyolingana na maelezo yake irejeshwe kwanza kwa muuzaji. Asiporidhika, mlaji anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani, na suala la viwango kwa Shirika la Viwango Tanzania. Kifaa kilichokatika kisitupwe, kwa kuwa ndicho ushahidi.

6. Matumizi yanayolinda uhai

Kabla ya kuvuta, tope lililo mbele ya matairi lichimbwe kwa chepe, mbao ziwekwe chini yake, na mzigo upunguzwe. Mara nyingi hatua hizi peke yake hulitoa gari. Mikanda miwili isiunganishwe kwa kiungo cha chuma. Blanketi zito au turubai lililokunjwa liwekwe katikati ya mkanda ili kupunguza mruko wake ukikatika.

Watu wote, isipokuwa madereva wawili, wakae mbali kwa umbali usiopungua mara moja na nusu ya urefu wa mkanda, na asiwepo mtu kwenye mstari wa mvuto. Kwa mkanda wa mita 9, umbali huo ni karibu mita 14. Baada ya kazi, mkanda uoshwe kwa maji safi, ukaushwe kivulini na kukaguliwa, kwani mchanga ulioingia kati ya nyuzi huzikata polepole, na nailoni iliyolowa hupungukiwa nguvu.

Zoezi

Mkulima wa Kahama ana pikapu yenye uzito wa juu wa kilo 2,800. Lori la jirani yake, lenye uzito wa kilo 8,000, ndilo litakalomvuta. Dukani kuna mikanda mitatu ya kunyumbuka yenye nguvu ya kukatikia ya kilo 4,500, kilo 8,000 na kilo 15,000. Achague upi?

Jibu: Gari jepesi ni pikapu, hivyo kiwango kinachofaa ni kati ya kilo 5,600 na kilo 8,400. Mkanda wa kilo 8,000 ndio unaofaa. Hata hivyo, kwa kuwa lori ni zito mno kuliko pikapu, livute polepole bila kushtua. Nguvu zake zinaweza kupita uwezo wa mkanda huo. Na kama pikapu haina ndoano halali kwenye chasisi, ndoano ndiyo inunuliwe kwanza, kabla ya mkanda.