Machale Yako Yanajua Mbuzi, SMS Je?

Siku ya soko Nuu, simama kando ya mbuzi uangalie vile wazee wananunua. Mzee anafungua mdomo wa mbuzi aone meno, anapitisha vidole mgongoni karibu na kiuno, anainua mkia aangalie kama anahara. Dakika moja haijaisha, anasema, "Huyu hapana," anaenda kwa mwingine. Muulize kwa nini amemkataa, pengine hata hatakupa jibu la kueleweka. Atakuambia tu moyo umekataa. Na mara nyingi huwa sawa.

Sasa chukua mzee huyo huyo, mchana, ameshauza mbuzi wake na pesa iko kwa simu. SMS inaingia: umepokea shilingi 4,500 kutoka kwa mtu fulani. Kabla hajaimaliza kuisoma, simu inalia. "Mzee wangu, pole sana, nimekosea namba. Hio pesa ni ya dawa ya mama, ako hospitali. Nirudishie tafadhali, Mungu atakubariki." Mzee anatuma. Hakuangalia salio. Pesa iliyotoka ni ya mbuzi wake, kwa sababu ile 4,500 haikuwahi kuingia popote. Ilikuwa maandishi tu.

Watu wakisikia hadithi kama hii husema, "Alikuwa mjinga." Sisi hatukubali. Mtu anayesoma afya ya mbuzi kwa vidole si mjinga. Kichwa kilichomsaidia asubuhi ndicho kilichomwangusha mchana, na tukielewa kwa nini, tutajilinda vizuri kuliko kuambiwa tu "kuwa makini" kila siku.

Anza na hesabu hii. Soda na mandazi pamoja ni shilingi 110. Soda imezidi mandazi kwa shilingi 100. Mandazi ni pesa ngapi?

Kama umesema 10, karibu kwenye kundi kubwa. Mandazi ni 5 na soda ni 105 (ndio, soda ya bei hio si ya Nuu, lakini hesabu ni hesabu). Jibu la 10 lilikuja lenyewe, hukulitafuta. Mwanasaikolojia Daniel Kahneman, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alieleza kwamba tunafikiri kwa njia mbili. Moja ni ya haraka, haitoki jasho, inakupa jibu kabla hujauliza. Nyingine ni ya polepole, inahesabu, inauliza, na ni mvivu kuamka. Maisha mengi tunayaendesha kwa ile ya haraka, na hatuna budi. Ukianza kufikiria kila hatua unayopiga hutafika hata sokoni.

Lakini hio ya haraka si adui. Mtafiti mwingine Mmarekani, Gary Klein, alikaa na wazima moto akisikiliza wanavyofanya maamuzi. Kamanda mmoja alimweleza jinsi alivyokuwa na vijana wake ndani ya nyumba, wakimwagia maji moto uliokuwa jikoni. Moto haukusikia maji. Ghafla akahisi kitu hakiko sawa, akawaamuru wote watoke. Walipotoka tu, sakafu ikaporomoka. Moto wenyewe ulikuwa chini, kwenye chumba cha ardhini, na hakuwa anajua nyumba ina chumba hicho. Baadaye ndio ikaeleweka: joto lilikuwa kali kupita kiasi kwa moto wa jikoni, na moto ulikuwa kimya kupita kiasi. Miaka ya kazi ilikuwa imemfundisha bila yeye kujua.

Kahneman aliyashuku machale, Klein aliyaheshimu. Badala ya kurushiana maneno waliketi pamoja kwa miaka kadhaa, na mwaka 2009 wakachapisha walichokubaliana. Kwa ufupi, machale ya mtu yanaaminika kama mambo mawili yapo. Kwanza, jambo lenyewe liwe na mpangilio usiobadilika ovyo. Pili, mtu awe amelifanya muda mrefu na kila mara akaona matokeo, akajua wapi alipatia na wapi alikosea.

Hapo ndipo tunarudi kwa mbuzi. Mbuzi mgonjwa wa leo anaonekana kama mbuzi mgonjwa wa miaka 20 iliyopita. Ukinunua vibaya, wiki mbili hazipiti kabla hujajua, na uchungu wa kumfukia mbuzi wa elfu kadhaa hauwezi kuusahau. Hio ni shule. Mzee wetu amehitimu.

Na simu? Hapo shule ilitufundisha kitu kingine. Tangu M-Pesa ianze Kenya, Machi 2007, ujumbe ukiingia, pesa imeingia. Mara ya kwanza, mara ya mia, mara ya elfu. Akili ya haraka ikaandika: SMS ni pesa. Tapeli hafanyi kazi ngumu, anachukua tu sura ya ujumbe uliozoea na kuivaa. Macho yako yanaona maneno yale yale, tarehe, kiasi, salio, na moyo unatulia. Na tofauti na mbuzi, tapeli anabadilika. Ukimjua kwa SMS ya kukosea namba, kesho anakuja na zawadi uliyoshinda, kesho kutwa anasema anapiga kutoka ofisini kwetu na anataka namba yako ya siri. (Sisi hatuiulizi. Kamwe.)

Kuna jambo lingine tusiloliona kwa urahisi. Sote tuna upande tunaoegemea bila kujua. Kijana mwenye rasta akiingia kwa wakala, mikono inashika droo. Mwanaume wa suti mwenye Biblia kwapani anaachiwa simu ya duka apige. Kwenye simu, ambako huoni mtu, tunaegemea sauti. Mtu akikusalimia kwa Kikamba safi, akamwita mama yako "mwaitu", tayari ni wa nyumbani. Lakini lugha haimpi mtu cheti cha tabia njema, na matapeli wanajua Kikamba pia.

Halafu kuna Januari. Hapa tuseme ukweli: sidhani kuna mwezi tapeli anaupenda zaidi, na wenzangu ofisini wanakubali. Ndengu za mvua ya Oktoba bado ziko shambani au ndio zinavunwa, broka hajafika, na shule zimefunguliwa. Watafiti walipima wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India, kabla na baada ya kuuza mavuno, na mwaka 2013 wakaeleza kwamba wakulima wale wale walifanya vibaya zaidi kwenye majaribio ya kufikiri kabla ya mavuno, wakati mfuko ulikuwa mtupu. Akili haikuwa imepungua, ilikuwa na kazi nyingi. Basi simu inayosema, "Mimi ni mwalimu, mtoto wako ameanguka, daktari anataka elfu tatu saa hii hii," inamkuta mzazi ambaye kichwa kimejaa karo. Ni nani hapo atakaa chini kuhesabu soda na mandazi?

Kwa hivyo usijiahidi kwamba utakuwa mjanja wakati huo. Amua sasa, ukiwa umetulia. Andika namba ya mwalimu mkuu kwenye daftari na kwenye simu, na ukipigiwa na "mwalimu" usiyemjua, kata simu, upige wewe mwenyewe namba uliyoandika. Mtoto kama ameumia kweli, dakika mbili hizo hazitamnyima daktari.

Kuhusu pesa "iliyokosewa", fungua menyu uangalie salio, usiangalie SMS. Kama salio halijaongezeka, hakuna cha kurudisha. Kama limeongezeka kweli, bado usitume kwa mkono wako. Mwambie aliyekosea aombe kampuni irudishe. Kwa M-Pesa, yeye ndiye anayetuma ule ujumbe wa muamala kwa 456. Mtu mkweli atakubali. Anayekasirika na kukuita mwizi, mwache akasirike.

Na unapotuma, soma jina linalotokea kabla ya kukubali. Tumelichoka, tunajua, kidole kinalipita. Lisome kwa sauti, hata kama watu dukani watakuangalia.

Kama umeshatuma, usikae ukijilaumu wala usingoje jioni umwambie mzee au mama nyumbani kwanza. Piga huduma kwa wateja pale pale. Pesa ikiwa bado iko kwa laini ya tapeli inaweza kuzuiwa. Akishaitoa kwa wakala, kuipata inakuwa safari ndefu, na itabidi uanze nayo kituo cha polisi, ukiwa na ule ujumbe wa muamala kwa simu. Usiufute.